Maji ya Njano

Kuku wa nyama wakianza kufa hawakupi nafasi ya kujipanga. Jumatatu alfajiri niliokota watano. Jumanne kumi na tisa. Jumatano niliacha kuhesabu humo bandani. Nikawa nawatia kwenye kiroba kitupu cha chakula na kwenda kuwahesabia nyuma ya nyumba, maana mama watoto alikuwa amesimama mlangoni akinimulikia kwa tochi ya simu, na sikutaka asikie namba. Walikuwa hamsini na mmoja.

Nilianza na vifaranga 300, na walikuwa wamebakiza siku mbili kutimiza wiki nne. Aliyewahi kufuga broila anajua maana yake. Chakula kimeshaliwa kingi, mwenye mgahawa umeshampa tarehe, na hela uliyoizungusha humo ilikuwa ya ada ya mtoto. Waliobaki hai walijikunyata kwenye kona, manyoya yametimka, vichwa chini kama wanafunzi waliochelewa mstarini. Nyuma wameganda kinyesi cheupe cha majimaji.

Nikafanya ambacho jirani yangu angefanya, na pengine wewe pia. Saa mbili kasoro nilikuwa mbele ya duka la pembejeo, hata kufuli halijafunguliwa.

"Mwalimu, wanaharisha?" dada wa dukani aliniuliza salamu zikiwa hazijaisha. Hakuuliza wana umri gani wala wamechanjwa nini, na mimi sikumwambia. Alinyoosha mkono rafuni akashusha pakiti ya OTC, antibayotiki ya unga. "Hii ndiyo kiboko yao. Chukua mbili kabisa."

Nyumbani nilichota ndoo ya lita 20, nikatia unga kwa kipimo cha pakiti, nikakoroga. Kisha nikaongeza kijiko kimoja cha kuondoa wasiwasi. Wasiwasi wangu, wa kuku sikuujua. Maji yakageuka njano, ile njano ya juisi ya pasheni iliyozimuliwa na mwenye mgahawa mchoyo. Nilipomaliza kujaza vyombo bandani nikasimama kuvitazama, na lazima niseme ukweli, moyo ulitulia. Mtu akiona rangi anaona kama kuna jambo limefanyika.

Alhamisi walikufa ishirini na wawili. Ijumaa sita. Jumamosi mmoja.

Jumamosi hiyo hiyo asubuhi nikaandika kwenye kundi la WhatsApp la walimu: "OTC, jamani. Msihangaike na kingine." Wenzangu wawili wanaofuga wakanishukuru kwa vidole gumba.

Bwana mifugo nilikuwa nimempigia tangu Jumatano. Ana pikipiki moja na kata nzima, kwa hiyo alifika Jumamosi baada ya adhuhuri. Hakuingia bandani, alisema hataki kubeba ugonjwa kwenye viatu kuupeleka kwa mwingine, nimletee yule wa asubuhi. Akamlaza juu ya kiroba chini ya mwembe, akampasua. Kwenye misuli ya mapaja kulikuwa na michirizi myekundu, kama daftari lililosahihishwa na mwalimu mwenye hasira. Kisha akaenda karibu na mkia, akatoa kifuko kidogo kilichovimba, kimefunikwa na utandotando kama jeli.

"Gumboro," akasema. Nikamweleza kuhusu OTC na jinsi vifo vilivyoshuka. Akafuta kisu kwenye nyasi bila haraka. "Gumboro ni kirusi, Mwalimu, na kazi ya OTC ni bakteria. Sasa hiyo njano yako imeua nini?"

Mimi nafundisha baiolojia sekondari, hapa hapa Kibaha. Muhula uliopita nilitunga mwenyewe swali la kuchagua: ni ugonjwa upi kati ya haya hautibiki kwa antibayotiki? Nikawakata alama watoto wa watu.

Gumboro ni jina la mji mdogo wa Delaware, Marekani, karibu na mahali ugonjwa ulipotambuliwa mara ya kwanza mwaka 1962. Kirusi chake hushambulia kile kifuko alichonionyesha bwana mifugo, ambacho wanasayansi hukiita bursa ya Fabricius. Humo ndimo askari wa mwili wa kifaranga wanamokomaa. Ile herufi B kwenye "seli B", ambazo wanafunzi wa kidato cha sita hukariri hadi usiku wa manane, imetoka kwenye neno bursa. Kwa hiyo herufi hiyo niliijua kwa miaka kumi na sita kabla sijaona chanzo chake juu ya kiroba chini ya mwembe wangu.

Lakini kilichoniuma kuliko aibu ni hesabu ya siku. Gumboro ikiingia bandani, vifo hupanda ghafla, hufika kileleni siku ya tatu au ya nne, kisha hushuka vyenyewe ndani ya wiki. Itazame tena orodha yangu: tano, kumi na tisa, hamsini na moja, ishirini na mbili, sita, moja. Hiyo ndiyo Gumboro kama ilivyo, na ingeshuka hivyo hata kama ningewawekea kuku juisi ya pasheni yenyewe. Mimi nilinunua dawa siku ya kilele. Na nani hununua siku nyingine? Watu huenda dukani hali inapokuwa mbaya kabisa, yaani pale ambapo kwa magonjwa mengi hali iko karibu kugeuka. Mafua ya mtoto yana siku zake saba, nane. Siku ya nne usiku halali, anakohoa, mama anatumwa vidonge vya rangi mbili. Siku ya saba mtoto anacheza mpira. Rangi mbili imechukua sifa ya kazi iliyofanywa na mwili wa mtoto, na safari ijayo haitasubiriwa siku ya nne. Sijui kama kuna mwalimu mbaya kuliko dawa isiyofanya kitu katika ugonjwa unaopona wenyewe. Anafundisha vizuri, na somo lenyewe ni la uongo.

Bwana mifugo alikuwa bado hajamaliza na mimi.

"Chanjo ulitoa?"

"Siku ya 14, kama kawaida."

"Kwa maji ya wapi?"

"Ya simtanki."

"Simtanki unatia nini?"

Simtanki letu linajazwa na boza. Maji ya boza huja na rangi ya chai ya maziwa, kwa hiyo mama watoto hutia dawa ya maji, klorini, kila linapojazwa. Bila hiyo tungekuwa tunaharisha sisi. Chanjo ya Gumboro inayotolewa kwa maji ina kirusi hai kilichodhoofishwa. Kifaranga anakunywa, mwili unajifunza. Na klorini haibagui kirusi cha kipindupindu cha mawazo yako na kirusi ulichokinunua kwa hela. (Ndiyo, najua kipindupindu ni bakteria. Nimeacha sentensi hiyo makusudi, nione wanafunzi wangu kama wanasoma.) Chanjo yangu ilikuwa imekufa kabla ya mdomo wa kwanza kuigusa. Dawa ya maji iliua dawa ya kuku, nami nikaleta dawa ya tatu ambayo haikuwa na wa kumuua.

Tangu siku ile neno hili "dawa" linanisumbua. Rafu ya lile duka ukiitazama vizuri, kuna dawa ya kuku, dawa ya kupe, dawa ya kupulizia nyanya, dawa ya panya, dawa ya minyoo, dawa ya magugu. Ukitoka nje kuna dawa ya mbu, dawa ya meno na dawa ya viatu. Deni nalo lina dawa yake, kulipa. Kiswahili kimekusanya vyote hivyo kwenye kapu moja, na mimi sioni kama ni umaskini wa lugha. Wazee walijua kwamba dawa ni kitu kinachomaliza tatizo, na lugha ikakuachia wewe useme tatizo gani. Ndiyo maana sentensi haikamiliki bila "ya": dawa ya nini? Sisi wa leo tumeikata sentensi katikati. Tunaingia dukani tunasema "naomba dawa", tunapewa.

Historia ya dawa zenyewe ni historia ya hiyo "ya". Mwaka 1906 Robert Koch, daktari wa Kijerumani aliyekuwa amepewa Nobel mwaka mmoja nyuma, alipiga kambi kwenye visiwa vya Ssese, upande wa Uganda wa Ziwa Victoria, wakati malale yakifyeka watu. Aliwachoma wagonjwa sindano za atoksili, kampaundi yenye aseniki. Vimelea vikapotea kwenye damu kwa muda, kisha vikarudi, akaongeza dozi. Baadhi ya wagonjwa wakapofuka na hawakuona tena. Watu wa visiwa vyetu walilipa kwa macho yao ili ijulikane kwamba sumu isiyochagua vizuri huingia popote inapopata mlango.

Wakati huohuo Ujerumani, Paul Ehrlich alikuwa na wazo lililotoka kwenye rangi za nguo. Alikuwa ameona kwamba rangi fulani hushika aina moja ya seli na kuiacha nyingine nyeupe. Basi kama rangi inachagua, sumu nayo kwa nini isichague? Aliendelea kuibadilisha ile aseniki, kampaundi baada ya kampaundi, hadi mwaka 1909 msaidizi wake Sahachiro Hata kutoka Japani alipoona ile namba 606 inaua vimelea vya kaswende kwa sungura. Mwaka uliofuata ikaingia sokoni kwa jina Salvarsan. Bado ilikuwa aseniki, bado ilikuwa na madhara, ila ilikuwa imeanza kuchagua.

Penisilini ndiyo iliyochagua kwa ufundi. Bakteria wana ukuta; seli ya binadamu haina. Penisilini huvuruga ujenzi wa ukuta, bakteria anapasuka kama puto, nawe hauguswi kwa sababu huna ukuta wa kuvunjwa. Darasani habari yake naimaliza kwa mistari miwili: Alexander Fleming, London, 1928, ukungu uliingia kwenye sahani. Watoto wanaandika, kengele inalia. Sijawahi kuwaambia kwamba baada ya hapo ilikaa zaidi ya miaka kumi bila kuwa dawa. Walioifanya dawa walikuwa Oxford: Howard Florey, Ernst Chain na Norman Heatley, mwanabaiokemia aliyeotesha ukungu kwenye vyombo vyenye umbo la beseni la kujisaidia mgonjwa kitandani, kwa kuwa vita vilikuwa vimekausha kila kitu. Februari 1941 walimpa polisi mmoja, Albert Alexander, aliyekuwa anaoza uso kwa maambukizi. Akaanza kupona. Penisilini iliyokuwepo duniani ilikuwa ndogo kiasi kwamba walikusanya mkojo wake, wakaichuja humo, wakamchoma tena. Ikaisha. Machi akafa.

Mimi nilikuwa nimemwaga nusu ndoo ya maji ya njano kwenye mgomba, kwa sababu yalikuwa ya jana.

Sasa OTC yenyewe. Hizo herufi ni kifupi cha oksitetrasaiklini. Dada yake mkubwa, klotetrasaiklini, alipatikana mwaka 1945 na Benjamin Duggar, mtaalamu wa mimea ambaye chuo chake kilikuwa kimeshamstaafisha kwa umri. Aliomba apelekewe udongo kutoka sehemu mbalimbali, na mmoja uliotoka kwenye shamba la majaribio la chuo huko Missouri ulikuwa na kiumbe cha rangi ya dhahabu kilichoua majirani zake. Oksitetrasaiklini ikafuata, ikaanza kuuzwa mwaka 1950 kwa jina Terramycin. Terra ni Kilatini, maana yake ardhi.

Viumbe hao wanaitwa Streptomyces, na unawajua hata kama hujawahi kusikia jina lao. Ile harufu inayopanda vuli inapoangusha matone ya kwanza kwenye vumbi, harufu inayomfanya mjamzito atamani udongo na mzee atoke barazani kutazama mawingu, kwa sehemu kubwa ni yao. Hutengeneza kemikali iitwayo jiosmini, na pua ya binadamu huinasa hata ikiwa kidogo mno. Wanaishi kwenye udongo wa kila shamba, wakigombania chakula na bakteria wengine. Wanaotengeneza harufu ya mvua ndio hao hao waliotupa tetrasaiklini, na streptomaisini pia.

Huko Nubia, kaskazini mwa Sudan ya leo, mifupa ya watu walioishi kati ya mwaka 350 na 550 ilipowekwa chini ya hadubini ya mwanga maalumu mnamo 1980, iling'aa njano ya kijani. Tetrasaiklini hung'ang'ania kalsiamu, ndiyo maana haipewi mjamzito na watoto wadogo, na ndiyo maana ilikuwa bado imo ndani ya mifupa baada ya karne kumi na tano. George Armelagos na wenzake walifuatilia wakahitimisha kwamba watu wale waliipata kwenye pombe ya nafaka, nafaka iliyoingiwa na Streptomyces. Njano yangu ya bandani ilikuwa na babu zake kwenye kibuyu.

Na usugu nao ni wa kale. Kwenye udongo ulioganda wa Yukon, Kanada, wenye umri wa miaka 30,000, watafiti walikuta vinasaba vya kuikinza tetrasaiklini, wakachapisha habari hiyo mwaka 2011. Hakuna duka la pembejeo lililokuwepo wakati huo. Anayetengeneza silaha hulazimika kuwa na ngao, na jirani anayepigwa kila siku hatimaye huiba ngao. Kwa hiyo tunapomimina dawa hatuumbi usugu kutoka hewani. Tunaua wasio na ngao na kuwaachia uwanja wenye nayo. Bakteria pia hupeana ngao: wana vijiduara vya DNA ambavyo mmoja humpitishia mwenzake, hata wa aina nyingine, kama karatasi ya majibu inavyopita chini ya madawati kwenye chumba cha mtihani. Umewahi kusimamia mtihani? Basi unajua kwamba akishapata mmoja, dakika kumi baadaye safu nzima inatazamia.

Nani alileta njano hii kwenye chakula cha kuku? Ilikuwa bahati, tena njema kwa mtazamo wa siku zile. Mwaka 1950 Thomas Jukes na Robert Stokstad, kwenye kampuni ya dawa iliyomwajiri Duggar baada ya kustaafu, walikuwa wakitafuta vitamini B12 ya bei rahisi kwa ajili ya vifaranga. Wakawalisha masalia ya mapipa ya kuotesha klotetrasaiklini. Vifaranga wakanenepa haraka kupita ilivyotarajiwa. Kilichokuwa kinafanya kazi ni ile dawa kidogo iliyobaki kwenye masalia. Ndani ya muda mfupi chakula cha kuku, nguruwe na ndama Marekani kikawa na kiasi kidogo cha antibayotiki, kila siku, kwa wanyama wasioumwa.

Kiasi kidogo, kila siku, kwa wasioumwa. Ukitaka kumfundisha bakteria, hiyo ndiyo ratiba.

Mwaka 1976 mtafiti Stuart Levy wa Boston alichapisha majaribio aliyofanya kwenye shamba la familia. Kuku kama 300, nusu wakalishwa chakula chenye tetrasaiklini, nusu chakula kitupu. Matumbo ya wale waliolishwa yakajaa bakteria sugu kwa muda mfupi sana. Miezi michache baadaye bakteria sugu wakaonekana kwenye choo cha wenye shamba, watu ambao hawakuwa wamemeza kidonge. Ulaya ilichukua hadi tarehe 1 Januari 2006 kupiga marufuku antibayotiki za kunenepesha katika nchi zote za Umoja wake.

Niliposoma habari hiyo nilitazama mikono yangu. Mimi ndiye ninayekusanya maranda. Binti yangu wa darasa la tatu ndiye anayependa kuingia kuwalisha.

Fleming alishayasema haya mapema. Desemba 1945, akipokea Nobel Stockholm, alisimulia kisa cha kubuni cha Bwana X. Koo linamuuma, anajinunulia penisilini, anameza kiasi kisichotosha kuwaua vimelea ila kinatosha kuwafunza kuikinza. Anamwambukiza mkewe. Mke anapata nimonia, anapewa penisilini, haisaidii, anakufa. Fleming akauliza nani wa kulaumiwa. Ajabu ni kwamba kile kimelea cha koo alichokitolea mfano, hadi leo hakijajifunza kuishinda penisilini. Ila stafilokokasi, wale wa majipu na vidonda, hawakusubiri hata miaka mitano. Mwishoni mwa miaka ya 1940 hospitali za London zilikuwa na wengi wasiosikia.

Kwetu Bwana X si mtu wa kubuni, ila mimi simhukumu haraka kama Fleming. Kwenda zahanati ni nauli, foleni, siku ya kazi imepotea, na pengine kuambiwa dawa hakuna, kanunue. Duka liko hatua thelathini na lina mtu anayekujua kwa jina. Una elfu moja na dozi inataka zaidi, basi unanunua vidonge vinne. Huo ni mfuko, sio ujinga. Mjinga ni mimi, niliyekuwa na shahada, hela na namba ya bwana mifugo kwenye simu.

Hata ile kauli tunayoimba, "maliza dozi", naona tumeifanya kubwa kuliko swali linalotangulia, kwamba dozi hiyo ilihitajika au la. Dozi kamili ya amoksilini kwa mafua ni kosa lililokamilishwa. Tena siku zenyewe si Msahafu: kwa nimonia isiyo kali ya watoto, Shirika la Afya Duniani sasa linakubali siku 3 hadi 5 tu. Kinachofuatwa ni alichoandika aliyekupima.

Kifua kikuu ndicho hakina mjadala. Waingereza walipoijaribu streptomaisini mwaka 1947, wagonjwa 55 walipewa dawa na 52 wakapumzishwa tu kitandani. Baada ya miezi sita walikuwa wamekufa 4 upande wa dawa na 14 upande wa pili. Shangwe. Kisha vimelea vya wengi waliopona vikawa sugu na ugonjwa ukarudi. Ndiyo sababu TB haitibiwi kwa dawa moja. Na mfumo wa kuhakikisha zinamezwa zote ulipikwa hapa kwetu: mpango wa taifa wa kifua kikuu na ukoma ulianza mwaka 1977, daktari Karel Styblo akishirikiana na Watanzania kuonyesha kwamba nchi maskini inaweza kumfuatilia kila mgonjwa hadi mwisho. Ulimwengu ukaja kuiga, ukaupa jina DOTS.

Baba yangu mdogo alikuwa mmoja wao. Kila asubuhi mama aliweka vidonge kwenye kisosi, anakaa mbele yake, hamwondoi macho mpaka koo lipande na kushuka. Baba mdogo alitoka chooni wiki ya kwanza ametahayari: mkojo umekuwa wa rangi ya machungwa. Hiyo ni rifampisini, nayo ya udongo, wa msitu wa misonobari kusini mwa Ufaransa. "Mnanifanya mtoto," alilalamika miezi yote. Mama hakumjibu hata siku moja, alisogeza kisosi.

Bandani nimebadili machache. Maji ya chanjo nachota kisimani kwa jirani, nayatia maziwa ya unga yasiyo na mafuta kidogo ili kulinda kirusi, nawanyima vifaranga maji saa moja na nusu kwanza ili wote wanywe kwa pupa na kumaliza. Maranda natoa yote na banda linakaa tupu kabla ya kuingiza wengine, kwa kuwa kirusi cha Gumboro huvumilia miezi. Nikipewa antibayotiki na bwana mifugo naandika tarehe ukutani kwa chaki, pamoja na siku za kusubiri kabla ya kuuza. Mwenye mgahawa siku moja aliiona ile chaki akauliza ni deni la nani.

Kwenye kundi la walimu nilifuta ujumbe wangu, lakini wale wawili walikuwa wameshanunua.

Imebaki pakiti moja na nusu ya OTC juu ya kabati, nimeifunga na mpira. Kuitupa chooni sitaki, kuichoma naogopa moshi, na bwana mifugo kila siku anasema atapitia kuichukua. Juzi jioni jirani yangu wa upande wa barabarani akabisha hodi. Kuku wake wa kienyeji wanakohoa, amesikia nina dawa iliyobaki.

Nikamkaribisha kiti. Nikamuuliza wanakohoa tangu lini. Wamekufa wangapi. Wamechanjwa kideri lini, na kwa tone la jicho au kwa maji. Na kama ni maji, ya wapi.

Alinitazama, akatazama kabati, akanitazama tena.

"Mwalimu," akasema, "nimekuja kuomba dawa. Sijaja darasani."